Sura ya Tano: Gereza, Kura Saba na Barua ya Maimamu

Ukitoka katikati ya London kuelekea mashariki, mara tu baada ya kuupita ule Mnara wa kale ulio kando ya Mto Thames, umeshaingia manispaa ya Tower Hamlets. Si eneo kubwa. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuondoka asubuhi upande mmoja na akafika wa pili kabla ya chakula cha mchana. Kwingi Uingereza uchaguzi wa madiwani hupita watu wakiwa wamekaa kwao wanakunywa chai. Hapa umepeleka watu gerezani, umebatilishwa mahakamani na umebadili sheria za nchi nzima.

Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba upande huu wa mji kura ya diwani haijawahi kuwa kura ya taa za barabarani na mitaro. Ni kura ya nyumba na ya pesa: nani apewe nyumba ya halmashauri, nani alipie, na kabla ya hayo yote, nani ahesabiwe kuwa mtu wa hapa. Vyama vimebadilika, majina ya wagombea yamebadilika kutoka ya Kiayalandi hadi ya Kiyahudi hadi ya Kibengali, lakini ugomvi umebaki uleule. Na kila aliyepewa jibu na wapiga kura amejikuta, mapema au baadaye, akilieleza jibu hilo mbele ya jaji au waziri.

Sheria ya mwaka 1899 iliigawa London katika manispaa 28, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika tarehe 1 Novemba 1900. Eneo tunalolizungumzia lilikuwa manispaa tatu wakati huo: Stepney, Bethnal Green na Poplar. Poplar ndiyo iliyobeba magati. Meli za sukari, chai, mbao na nafaka zilitia nanga pale, na wanaume walisimama kila asubuhi mbele ya mageti ya bandari wakisubiri msimamizi awanyooshee kidole. Aliyeteuliwa alipata kibarua cha siku, hata cha nusu siku. Asiyeteuliwa alirudi nyumbani mikono mitupu.

Wengi wa watu hao hawakuwa na kura. Haki ya kupiga kura ilikwenda na nyumba na kodi, hivyo mpangaji wa chumba aliyehama mara kwa mara hakuonekana katika daftari. Mwanamke asiye na mume aliyelipa kodi kwa jina lake aliweza kupiga kura za mitaa, lakini hadi mwaka 1907 sheria ilimkataza kukaa kwenye kiti cha udiwani. Kibaya kuliko vyote, aliyepokea msaada wa maskini alifutwa daftarini. Umaskini ulimnyima mtu mkate, kisha ukamnyima na nafasi ya kumwondoa aliyemnyima mkate.

Mwaka 1918, vita kuu ikielekea ukingoni, Bunge lilipitisha sheria mpya ya uchaguzi. Kizuizi cha msaada wa maskini kikaondolewa, na wake wa wapiga kura wa mitaa waliotimiza miaka 30 wakaingia daftarini. Chaguzi za manispaa zilikuwa zimeahirishwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo Novemba 1919 watu wa Poplar walikwenda kwenye masanduku kwa mara ya kwanza tangu 1912, wakiwa na wapiga kura wengi ambao hawakuwahi kuhesabiwa. Chama cha Labour kilichukua viti 39 kati ya 42. Ukumbi wa halmashauri ulijaa wafanyakazi wa reli, wa bandarini na wa posta. Meya wao alikuwa George Lansbury, Mkristo mwenye imani kali, mpinga vita na mhariri wa gazeti la Daily Herald. Manispaa jirani ya Stepney nayo ilikwenda Labour, na meya wake akawa mwanasheria mpole aliyerudi kutoka vitani, Clement Attlee. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1945.

Madiwani wa Poplar hawakuchelewa. Waliweka kima cha chini cha mshahara kwa waajiriwa wa halmashauri, pauni 4 kwa wiki, na wanawake wakalipwa sawa na wanaume. Baada ya hapo wakagonga ukuta wa kodi.

Kila manispaa ilikusanya kodi ya majengo yenyewe, na kodi hiyo ilipimwa kwa thamani ya pango. Majengo ya Westminster yalikuwa ya thamani kubwa na maskini wake walikuwa wachache, kwa hiyo kiwango kidogo kilitosha kujaza hazina. Poplar ilikuwa na nyumba mbovu na watu wengi wasio na kazi, na sheria iliitaka iwalishe watu hao kwa kodi ya majirani zao, ambao nao walikuwa hoi. Juu ya hayo ilitakiwa kukusanya na kukabidhi fungu la vyombo vinne vya London nzima: halmashauri ya jiji, polisi, bodi ya hospitali na bodi ya maji. Maskini walikuwa wanawachangia matajiri, na hesabu hiyo ilikuwa halali kabisa.

Machi 1921 madiwani walipitisha kodi ya mahitaji ya Poplar peke yake. Fungu la wakubwa wakaliacha. Halmashauri ya jiji ikaenda mahakamani. Tarehe 29 Julai madiwani walitembea kwa miguu kutoka Poplar hadi Mahakama Kuu, bendi ikipiga, mbeba siwa akiwa mbele, na bango lililotangaza kwamba halmashauri inakwenda mahakamani na huenda ikaishia gerezani. Walijua wanachokifanya. Mahakama iliwaamuru walipe, wakakataa, na mwanzoni mwa Septemba thelathini kati yao wakakamatwa kwa kudharau amri. Wanaume walipelekwa gereza la Brixton. Wanawake watano, Minnie Lansbury, Susan Lawrence, Julia Scurr, Jennie Mackay na Nellie Cressall aliyekuwa mjamzito, walipelekwa Holloway.

Hapo ndipo serikali ilipogundua kuwa imejifunga yenyewe. Huwezi kuendesha manispaa ambayo madiwani wake wako ndani. Ikabidi vikao vya halmashauri viruhusiwe kufanyika gerezani Brixton, na wanawake wakaletwa kwa gari kutoka Holloway kuja kutimiza akidi. Lansbury alihutubia umati uliokusanyika nje kupitia nondo za dirisha. Stepney na Bethnal Green zikapitisha maazimio ya kuifuata Poplar. Baada ya wiki sita, tarehe 12 Oktoba, wote walikuwa nje bila kuomba radhi, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kugawana mzigo wa maskini kati ya manispaa zote za London.

Si kila mtu wa Labour alipiga makofi. Herbert Morrison, meya wa Hackney wakati huo, aliona kuvunja sheria kunakitia chama doa mbele ya wapiga kura wa tabaka la kati. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na yeye ndiye aliyekuja kuiongoza London kuanzia 1934. Lakini fedha zilihamishwa na Poplar. Subira ya Hackney haikuhamisha hata senti.

Gharama ilikuwepo. Minnie Lansbury, mke wa mtoto wa George, alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1922 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 32. Wenzake waliamini gereza lilimmaliza. Saa ya ukumbusho wake bado iko barabara ya Bow. Nellie Cressall aliishi miaka mingi, akawa meya wa Poplar mwaka 1943. Ile pauni 4 nayo ilifuatwa na mkaguzi wa hesabu hadi Mabwana wa sheria, ambao mwaka 1925 waliamua kuwa halmashauri imetumia pesa za walipa kodi kinyume cha sheria. Hukumu ya Lord Atkinson haikuficha dharau yake kwa ujamaa wa huruma na kwa ndoto za kuwalinganisha wanawake na wanaume. Wapiga kura walikuwa wameshasema vingine: Labour ilibaki na Poplar mwaka 1922, na iliendelea kubaki nayo.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa chama kimoja kinaposhinda kila mara, historia ya uchaguzi hugeuka orodha ya majina. Stepney tu ndiyo iliyochangamka. Wayahudi waliokimbia himaya ya Urusi walikuwa wamejaa kule, na watoto wao waliozaliwa London sasa walikuwa na kura. Mwaka 1937, baada ya mtaa wa Cable Street kuwazuia mafashisti wa Oswald Mosley kupita, Phil Piratin alichaguliwa diwani kwa tiketi ya Wakomunisti. Mwaka 1945 akaingia Bungeni, na halmashauri ya Stepney ikapata madiwani kumi wa chama chake. Kilichowapa kura kilikuwa vita vyao na wenye nyumba, pale walipowaongoza wapangaji kugoma kulipa kodi za pango. Sidhani wengi wa wapangaji hao walikuwa wamemsoma Marx.

Mwaka 1965 manispaa tatu ziliunganishwa kuwa Tower Hamlets. Labour iliendelea kushinda ikiwa imelala, na usingizi huo ndio ulioiponza. Bandari ilikuwa inakufa. Makontena yalihamia Tilbury, karibu na bahari, na mwaka 1980 magati ya West India na Millwall yakafungwa. Mwaka uliofuata serikali ya Margaret Thatcher iliunda shirika la kuendeleza ardhi ya bandari na kulipatia mamlaka ya mipango miji juu ya eneo lile. Diwani wa kisiwa cha Isle of Dogs akabaki anachaguliwa na watu, huku ardhi iliyo mbele ya milango yao ikiamuliwa na bodi ambayo hakuna aliyeipigia kura. Minara ya Canary Wharf ilipanda mbele ya macho ya familia zilizokuwa zikisubiri nyumba ya halmashauri.

Wakati huohuo watu wapya walikuwa wamefika. Mabaharia wa Sylhet walikuwa wakishuka bandarini London tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 walileta wake na watoto, na viwanda vya nguo vya Whitechapel na Spitalfields vikawapa kazi. Kwa mujibu wa sheria, raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura bila kusubiri pasipoti ya Uingereza. Wabengali waliingia daftarini kwa mlango huo, na mlango huohuo uko wazi leo kwa Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda aliyehamia Poplar. Nimekutana na zaidi ya mmoja asiyejua.

Tarehe 4 Mei 1978 ilikuwa siku ya uchaguzi wa madiwani. Chama cha National Front kilikuwa kimesimamisha wagombea mtaa hadi mtaa, kikidai wageni warudishwe makwao. Jioni hiyo Altab Ali, kijana Mbengali fundi wa kiwanda cha nguo, alichomwa kisu akitoka kazini, karibu na uwanja wa kanisa la St Mary, akafa. Siku kumi baadaye maelfu waliandamana nyuma ya jeneza lake hadi ofisi ya Waziri Mkuu. National Front hawakupata kiti. Miaka minne baadaye, mwaka 1982, Wabengali wa kwanza walichaguliwa kuwa madiwani, na mmojawapo alishinda kama mgombea huru baada ya kuchoka kuusubiri mlango wa Labour ufunguke.

Mwaka 1986 Labour iliangushwa na chama ambacho hakuna aliyekuwa akikitarajia. Waliberali walipata viti 26, Labour 24. Waliigawa manispaa katika vitongoji saba, kila kimoja na ofisi yake, bajeti yake na kamati yake ya madiwani. Wazo la kumsogezea mwananchi serikali lilikuwa zuri, na wakazi wengi walilipenda. Lakini zilisogezwa pia funguo za nyumba. Kulikuwa na mpango wa kuwapa kipaumbele watoto wa wakazi wa siku nyingi, na katika eneo ambalo wakazi wa siku nyingi ni weupe na wenye shida kubwa ya nyumba ni Wabengali, haikuhitaji digrii kuelewa mpango huo unamlenga nani. Halmashauri ilifikia kuziambia familia za Kibengali zisizo na makazi kuwa zimejitakia zenyewe, kwa kuwa ziliacha nyumba zao Bangladesh. Mahakama ya Rufaa ilitengua maamuzi hayo mwaka 1988.

Kwa hiyo ilipofika tarehe 16 Septemba 1993, kuni zilikuwa zimeshapangwa. Diwani wa Labour wa kata ya Millwall, katika Isle of Dogs, alikuwa amejiuzulu na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Chama cha British National kilimsimamisha Derek Beackon na kikazunguka nyumba kwa nyumba na neno moja: nyumba. Kura zilipohesabiwa, Beackon alikuwa na 1,480 na mgombea wa Labour 1,473. Kwa kura saba, chama hicho kikapata diwani wake wa kwanza Uingereza nzima.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, na nyingi zilikuwa za kujisafisha. Vyama vikubwa vililaumiana. Liberal Democrats, warithi wa wale Waliberali, waliunda tume chini ya mwanasheria Anthony Lester, nayo ikakikosoa chama chao chenyewe kwa vipeperushi vilivyochezea hofu ya rangi. Kwa hilo nawapa heshima, maana si kila chama hujichunguza na kuchapisha kilichokiona. Lakini lililomwondoa Beackon halikuwa tume. Lilikuwa kazi ya miezi minane ya makanisa, misikiti, vyama vya wafanyakazi na kina mama wa kisiwa waliopita mlango kwa mlango wakiwaandikisha watu. Mei 1994 Beackon aliongeza kura kuliko zile za mwanzo, akashindwa vilevile, kwa sababu waliokuwa wakikaa nyumbani safari hii walitoka. Labour ilirudi madarakani kwa kishindo na ule mgawanyo wa vitongoji saba ukafutwa.

Hadi hapo meya wa manispaa alikuwa kama yule anayejulikana Dar es Salaam: diwani anayechaguliwa na madiwani wenzake, avae mkufu na kuongoza vikao. Mei 2010 wapiga kura waliamua kwa kura ya maoni kuwa na meya mtendaji anayechaguliwa moja kwa moja. Lutfur Rahman, wakili mzaliwa wa Bangladesh aliyewahi kuiongoza halmashauri kwa tiketi ya Labour, aliteuliwa kugombea, kisha makao makuu ya chama yakamfuta. Akagombea mwenyewe. Oktoba mwaka huo alishinda katika duru ya kwanza kwa zaidi ya nusu ya kura, ingawa waliojitokeza walikuwa takriban mmoja kati ya wanne.

Uchaguzi wa Mei 2014 aliushinda tena, dhidi ya John Biggs wa Labour, baada ya kuhesabu kura kwa siku kadhaa katikati ya manung'uniko. Wapiga kura wanne wa kawaida walifungua kesi ya kupinga matokeo, wakihatarisha mali zao wenyewe iwapo wangeshindwa na kubebeshwa gharama. Tarehe 23 Aprili 2015 kamishna wa mahakama ya uchaguzi, Richard Mawrey, aliubatilisha uchaguzi. Alimkuta Rahman, kwa vitendo vyake na vya mawakala wake, na hatia ya udanganyifu wa kura, kueneza uongo kuwa Biggs ni mbaguzi, na kuwahonga wapiga kura kwa ruzuku za halmashauri. Madai ya vitisho kwenye vituo vya kupigia kura hayakuthibitika kwa kiwango kilichotakiwa. Lililowashangaza wengi lilikuwa kosa la ushawishi wa kiroho usiofaa. Maimamu na wasomi wa dini 101 walikuwa wametia saini barua katika gazeti la Kibengali, wakiwahimiza Waislamu wamchague Rahman kama wajibu wao. Kosa hilo lilitokana na kesi za karne ya 19 nchini Ireland, ambako mapadri walituhumiwa kuwatisha waumini kwa moto wa jehanamu. Ningelipa nauli kumwona jaji huyo akikaa jukwaani kwenye kampeni za kwetu.

Rahman alizuiwa kugombea kwa miaka mitano. Polisi walichunguza na hawakupata ushahidi wa kutosha kumfungulia mashtaka ya jinai, naye aliendelea kuyakana yote. Biggs alishinda uchaguzi wa marudio Juni 2015. Kesi yenyewe ilisafiri mbali kuliko wahusika wake. Serikali ilimwomba Eric Pickles, waziri wa zamani wa serikali za mitaa, aandike mapendekezo ya kulinda kura, na moja ya matunda yake ni sharti la kitambulisho chenye picha. Mpaka hapo Mwingereza alikuwa akifika kituoni, anataja jina na anwani, na anapewa karatasi. Sharti hilo lilianza kutumika katika chaguzi za madiwani England mwezi Mei 2023.

Wakazi wengi hawakuisoma hukumu ya 2015 kama walivyoisoma wahariri wa London. Kwao ilikuwa mara nyingine ambapo aliyechaguliwa na watu wa mashariki ameondolewa na watu wa magharibi. Mwaka 2021 waliulizwa kama wanataka kuufuta umeya, wakaukataa ufutaji huo kwa kura nyingi. Mei 2022, muda wa adhabu ukiwa umekwisha, Rahman alirudi na chama chake kipya, Aspire. Biggs alikuwa ameudhi wengi kwa kufunga barabara za mitaa zisipitwe na magari, na shida ya nyumba ilikuwa palepale. Rahman alipata kura 40,804 dhidi ya 33,487, na Aspire ikachukua viti 24 kati ya 45. Mwaka uliofuata shule za sekondari za manispaa zikaanza kuwapa wanafunzi hadi miaka 16 chakula cha mchana bila malipo, jambo ambalo hakuna manispaa nyingine ya England iliyokuwa imelifanya.

Januari 2025 serikali kuu, safari hii ya Labour, ilituma wajumbe wake katika jengo jipya la halmashauri, hospitali ya zamani ya Whitechapel iliyokarabatiwa, wasimamie utawala wake baada ya wakaguzi kutoa ripoti kali. Meya alibaki ofisini. Ada na gharama za wajumbe hao zilitakiwa kulipwa na halmashauri yenyewe.